Mbona raga ya Uingereza haina FA Cup yake? Walikuwa nayo, wakaiachilia

Kuna kijana ameniandikia toka Kakamega, swali lake ni hili: "Kocha shikamoo. Mi nafuatilia raga ya Uingereza kwa simu, ligi naielewa, kombe la Ulaya naelewa, lakini kwa soka kuna FA Cup, timu ndogo kabisa inaweza kukutana na Liverpool. Mbona kwa raga sioni kitu kama hicho? Hawajawahi kuwa nacho ama vipi? Na ni klabu gani imechukua mara nyingi?"

Marahaba kijana wangu. Jibu la haraka ni kwamba walikuwa nacho. Kilianza msimu wa 1971-72, na kwa ile maana unayouliza wewe, ya timu ndogo kukutana na wakubwa kwa mtoano, kiliisha 2005. Hiki kinachochezwa sasa, Premiership Rugby Cup (toka 2025 kinaitwa PREM Rugby Cup), ni kitu kingine, nitafika huko. Lakini hii habari naipenda sana na nimeifuata miaka mingi, kwa hivyo nivumilie nikupeleke toka mwanzo, manake bila mwanzo huwezi kuelewa kwa nini walichelewa vile.

Na walichelewa kweli. FA Cup ya soka ilianza msimu wa 1871-72. Chama cha raga, RFU, kilizaliwa London mwezi wa kwanza 1871, vilabu 21. Yaani ni vyama vya rika moja, soka wakapata kombe lao hapohapo na raga wakangoja miaka 100 kamili. Hata sisi huku Kenya tuliwatangulia, Enterprise Cup, lile kombe lililotolewa na mabaharia wa manowari ya HMS Enterprise, limeanza kushindaniwa 1930. Wazee waliolinyanyua hapa wangeweza kuwa babu za wale waliocheza fainali ya kwanza ya vilabu kule Twickenham, uwanja mkuu wa raga London.

Sasa cha kuuma ni kwamba kombe waliletewa mkononi. Umeshawahi kuona Calcutta Cup, lile Uingereza na Uskoti wanashindania kila mwaka? Liangalie vizuri siku ukiliona kwa picha: limechongwa kwa fedha, lina vishikio vitatu vya nyoka aina ya swila, na juu ya kifuniko amesimama tembo. Lilitoka India. Waingereza na Waskoti waliokuwa Calcutta walianzisha klabu ya raga 1873, baada ya miaka michache wanachama wakapungua, joto la kule halikufaa raga na watu wakahamia polo na tenisi, klabu ikabidi ifungwe. Benki walikuwa wamebakisha akiba. Wakaitoa yote kwa sarafu za rupia za fedha, wakaziyeyusha, wakatengenezesha kombe wakalitoa kwa RFU, na pendekezo lao lilikuwa wazi: liwe kombe la vilabu la kila mwaka, kama lile walilonalo watu wa soka. RFU wakashukuru kwa zawadi lakini wazo wakalikataa, wakasema litachezewa na Uingereza na Uskoti, na mechi ya kwanza ikapigwa Edinburgh 1879, ikaisha sare. Kwa hivyo ukiona nahodha analinyanyua, ujue lile ni kombe la vilabu ambalo vilabu havijawahi kulicheza.

Kwa nini walikataa? Hapa ndo kiini cha swali lako. Si kwamba raga haikuwa na mashindano ya mtoano kabisa. Hospitali za London, za wanafunzi wa udaktari, zilikuwa na kombe lao tangu 1875 na bado linachezwa mpaka leo. Kaskazini, Yorkshire, walianza kombe lao 1877 na Halifax ndio walichukua la kwanza. Na hilo la Yorkshire ndilo lililowatisha wakubwa wa London, manake lilivuta umati. Miji ya viwanda, watu wa migodi na viwanda vya nguo, Jumamosi mchana kazi imeisha, mji wako unacheza na mji jirani na atakayefungwa anarudi nyumbani, hebu fikiria wewe mwenyewe kelele zake. Umati ukija, pesa za mlangoni zinakuja, pesa zikija klabu inataka ishinde, ikitaka kushinda inamtafuta fowadi mzuri wa klabu jirani inamwambia njoo tukupatie kazi na kitu kidogo mkononi. Kwa mabwana wa RFU waliosoma shule za matajiri, huo ulikuwa uchafu. Kwao mchezo ni wa ridhaa, unacheza kwa kupenda, na kombe ni mlango ambao malipo yataingilia. 1886 wakaweka sheria kali dhidi ya malipo ya aina yoyote.

Sasa mchimba makaa akikosa zamu ya Jumamosi ili akacheze, anakatwa mshahara. Kaskazini wakaomba jambo dogo tu, mchezaji afidiwe ule muda wa kazi alioukosa. Mkutano mkuu wa 1893 ukapiga kura, 282 wakapinga, 136 wakaunga mkono. Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Agosti 1895, vilabu vya kaskazini vikakutana George Hotel pale Huddersfield vikajitoa, ndo mwanzo wa ile raga ya wachezaji 13, rugby league. Na kitu gani walikianzisha mapema kabisa? Kombe la mtoano! Fainali ya kwanza 1897, Headingley, Batley wakawapiga St Helens 10-3, watu zaidi ya 13,000. Challenge Cup hiyo iko hai mpaka leo.

Waliobaki RFU wakaona wamethibitishiwa hofu yao. Kombe linaleta umati, umati unaleta pesa, pesa imeshapasua mchezo mara moja. Basi kwa miaka zaidi ya 70 vilabu vikubwa vya Uingereza vikawa vinacheza mechi za kirafiki tu. Hakuna ligi ya taifa wala kombe la taifa. Katibu wa klabu anaandikiana barua na katibu wa klabu nyingine, tunacheza na nyinyi Jumamosi ya pili ya Novemba, mwaka huu na mwakani na mwaka ule, basi. Kaunti zilikuwa na mashindano yao, na kaunti kadhaa zilikuwa na vikombe vya vilabu vyake, lakini uliza ni klabu ipi bora Uingereza nzima, huwezi kujibiwa, kila mtu ana jibu lake.

Walibadilika kwa shida, na nafikiri ni kwa sababu kiwango kilikuwa kinashuka na wachezaji hawakuwa wanapimwa. 1971 RFU ikatimiza miaka 100, na msimu ule wa 1971-72 mashindano yakaanza, jina lenyewe kavu kabisa, RFU Club Competition, hakuna mdhamini. Lakini mlango ulikuwa wazi: vilabu vidogo vilikuwa vinafuzu kupitia makombe ya kaunti zao. Fainali ya kwanza Aprili 1972, Twickenham, Gloucester 17, Moseley 6. Moseley ni klabu ya Birmingham na siku hiyo mechi iliwageukia mapema sana, Nigel Horton wao alitolewa nje na refa kwa ngumi, wakacheza karibu mechi nzima wamepungukiwa. Watu waliokuja ni kama elfu 10 hivi kwenye uwanja mkubwa vile, ungesikia sauti za wachezaji wenyewe. Ukiangalia pale ungesema hili jambo halitafika mbali.

Lilifika. Orodha ya mabingwa wa miaka ile ya kwanza ukiisoma leo utashangaa: Coventry mara mbili mfululizo 1973 na 1974, Bedford 1975, alafu Gosforth 1976 na 1977, hao Gosforth ndio baadaye wakawa Newcastle. Waliofungwa fainali wamo Rosslyn Park na Waterloo na London Scottish. Majina ambayo kijana wa leo hayajui kabisa, na ndo utamu wenyewe, mtoano haukuwa wa wenye jina. 1975-76 kampuni ya sigara ya John Player ikaingia kama mdhamini na kombe likaitwa kwa jina hilo, ukikutana na mzee wa raga wa Kiingereza atakwambia John Player Cup. Alafu Leicester wakachukua mara tatu mfululizo, 1979, 1980 na 1981, wakiwa na Dusty Hare anapiga penalti na Clive Woodward na Paul Dodge katikati, mpaka wakaachiwa lile kombe lenyewe wabaki nalo. 1982 Gloucester na Moseley walikutana tena fainali, 12-12, wakagawana, kila mmoja bingwa.

Sasa Bath. Ulitaka kujua nani amechukua mara nyingi, ni hawa, na naomba niwakalie kidogo.

Bath ni mji mdogo wa mawe ya rangi ya asali kule magharibi, na klabu yao kabla ya hapo haikuwa ya kutisha, jirani zao Bristol na Gloucester ndio walikuwa wakubwa. Kocha wao alikuwa Jack Rowell. Fainali ya 1984 wanacheza na haohao Bristol, ambao ndio mabingwa watetezi. Bath wanaongoza 10-9. Dakika za mwisho Bristol wanapata penalti. Anayepiga ni kijana mwenye jezi namba 10, Stuart Barnes, mfupi, mnene kidogo, kichwa kinachofikiri haraka. Akiingiza, Bristol 12-10 na kombe linabaki kwao. Anaweka mpira chini, anarudi nyuma, anapiga, unapita nje ya nguzo. Bath bingwa kwa mara ya kwanza. Na huyo huyo Barnes baada ya muda akahamia Bath!

Zunguka miaka minane. 1992, fainali, Bath na Harlequins, dakika 80 zimeisha 12-12, muda wa ziada umekaribia kuisha na bado 12-12, miguu ya kila mtu imekwisha. Mpira unatoka kwa fowadi, unamfikia namba 10 wa Bath akiwa mbali na nguzo, ni Barnes, hana hata muda wa kufikiri, anaudondosha chini na kuupiga ukidunda, unapaa unapaa unaingia katikati. 15-12. Kijana, mi nikiwafundisha vijana kupiga huwa nawasimulia hizi mbili pamoja kila mara, ile aliyokosa na ile aliyoingiza, uwanja mmoja, mtu mmoja.

Kwa ujumla Bath waliingia fainali mara 10 kati ya 1984 na 1996 na wakashinda zote 10. Hakuna hata moja waliyopoteza. 1984, 85, 86, 87 mfululizo, alafu 89, 90, 92, 94, 95, 96. Ile ya 1990 waliwapiga Gloucester 48-6, na Gloucester hawakuwa timu mbovu hata kidogo. Ile ya 1989 dhidi ya Leicester, 10-6, ilijaza Twickenham watu karibu elfu 60, wakati huo rekodi ya dunia kwa mechi ya vilabu vya raga. Kutoka elfu 10 mpaka elfu 60 kwa miaka 17. Barnes ndiye aliyefunga trai mwishoni, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na siku hiyo ndo Dusty Hare alikuwa anaaga Leicester. Mdhamini alikuwa ameshabadilika, ni Pilkington, watu wa vioo. Na ligi nayo ilikuwa imeanza, 1987, lakini uliza mashabiki wa wakati ule, siku kubwa ya mwaka ilikuwa fainali ya kombe, ligi ilikuwa bado mtoto.

Na ile miaka ambayo Bath hawakufika fainali walitolewa na nani? Hapa ndo pa kukufurahisha wewe. 1988 Moseley waliwatoa 4-3, trai moja wakati huo ni pointi 4. Na Novemba 1992, Bath wakiwa mabingwa wa ligi na wa kombe, wamejaa wachezaji wa timu ya taifa, wakapangwa waende Waterloo. Waterloo ni klabu ya Blundellsands, juu kidogo ya Liverpool, kiwanja cha mtaani nyumba ziko pembeni, timu ya daraja la pili. Waterloo 9, Bath 8. Wenyeji walikuwa na kijana mmoja, Paul Grayson, ambaye baadaye alichezea Northampton na Uingereza yenyewe. Hiyo ndo FA Cup unayoitafuta kijana wangu, ilikuwepo, pale Blundellsands, mchana wa baridi.

1996 ilikuwa fainali ya mwisho ya zama za Bath na iliisha vibaya. Leicester wanaongoza 15-9, Bath wanasukuma karibu kabisa na mstari, dakika zinayoyoma, Leicester wanazidi kufanya faulo, refa Steve Lander akawapa Bath trai ya penalti, na wakati huo trai ilikuwa imeshakuwa pointi 5. Jon Callard akaongeza mkwaju wa pointi 2, 16-15. Kipenga cha mwisho kinapulizwa tu, Neil Back wa Leicester akamsukuma refa akaanguka chini. Back alijitetea kwamba alidhani ni Andy Robinson wa Bath, akafungiwa miezi sita. Ukimwangalia uso wake kwa video utaona kombe lilikuwa na maana gani kwa wale watu.

Lakini tayari kulikuwa na kitu kimebadilika. Agosti 1995 raga ya wachezaji 15 ilikuwa imefunguliwa kwa malipo, ile hofu ya miaka 100 ikaondoka kwa siku moja. Na hapa wale mabwana wa zamani walikosea hesabu kwa namna ambayo hawakuitegemea: waliogopa kombe litaleta pesa, pesa ilipokuja ikaenda kwa ligi na kwa kombe la Ulaya, kombe la nyumbani ikalipunguza. Mchezaji sasa ni mali, analipwa, mwili una mechi zake kadhaa kwa mwaka, kocha ataziweka wapi? Ataziweka penye mapato. Pengo kati ya ligi kuu na madaraja ya chini likawa la kutisha, Waterloo wa 1992 hawawezi tena, wanapigwa 80.

Bado kulikuwa na siku nzuri. 1998 Saracens wakiwa na Michael Lynagh na Philippe Sella wanaaga, 48-18 dhidi ya Wasps. 2004 Newcastle na Sale, 37-33, mechi tamu sana itafute. Na 2005, ambayo mi naihesabu ndo ya mwisho ya kweli, Leeds na Bath. Leeds wakati ule walikuwa wanaburura mkia wa ligi, kila mtu anawaombea safari njema ya kushuka daraja. Wakashinda 20-12. Alafu ule ushindi ukawapa nguvu wakashinda mechi zao za ligi pia wakabaki, walioshuka wakawa Harlequins.

Msimu uliofuata wakafunga mlango. 2005-06 kombe likageuzwa kuwa la vilabu 12 vya ligi kuu pamoja na timu nne za Wales, kwa makundi, mtoano ukianzia nusu fainali. Vilabu vya chini wote nje, wakapewa kombe lao pembeni. Sikatai, kulikuwa na raga nzuri humo, Leicester 41-35 Ospreys mwaka 2007 ilikuwa moto. Lakini baadaye mechi zikapangwa wiki ambazo wachezaji wa timu za taifa hawapo, likawa kombe la vijana na wanaorudi toka majeraha, fainali ya 2009 ndo ikawa ya mwisho kuchezwa Twickenham, baada ya hapo zikahamia viwanja vya vilabu. 2018 Wales wakatoka, ndo likawa hili Premiership Rugby Cup.

Kuna fainali moja ya hili jipya sijaisahau. Mei 2022, Worcester na London Irish, 25-25 hata baada ya muda wa ziada, ikaamuliwa kwa kanuni ya kuvunja sare, Worcester wakachukua kombe lao kubwa la kwanza. Mwezi wa tisa mwaka huohuo Worcester wakawekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni. Wasps, waliokuwa bingwa wa kombe hili 1999 na 2000, wakafuata mwezi wa kumi. London Irish wenyewe wakaondolewa kwa ligi Juni 2023. Timu zote mbili za fainali ile, ndani ya miezi 13.

Kwa hivyo ligi kuu ikabaki na vilabu 10, nafasi zikapatikana, na misimu ya 2023-24 na 2024-25 wakaziingiza timu za daraja la pili kwenye makundi, alafu 2025-26 zikatoka tena. Hata hapo ilikuwa makundi kwanza si mtoano mtupu, wakubwa walikuja na kikosi cha pili, na klabu ya daraja la tano haikuwa na njia ya kufika. Lakini Coventry na Bedford, wale mabingwa wa zamani niliokutajia, walipata tena kucheza na wakubwa kwenye kombe. Gloucester walichukua 2024, Bath 2025 kwa kuwapiga Exeter 48-14, na Bath msimu huo wakabeba na ligi na Challenge Cup ya Ulaya juu yake.

Ukitaka kuliangalia kwa simu kijana, usianze na fainali. Tafuta video za makundi ya misimu ile miwili, wikendi ambayo timu ya daraja la pili ilicheza nyumbani kwake na mkubwa, kauwanja kadogo, watu wamesimama karibu na mstari, baridi inaonekana kwa pumzi zao. Alafu uniandikie ulichokiona, manake mi pia naitafuta Waterloo nyingine.